Nimeshinda kwa miezi minane: je, ni wakati wa kupanda dau?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Chumbageni, Tanga, na kazi yangu ni ya ukarani. Kwa simu ninacheza poka ya Texas Hold'em mtandaoni, meza za watu sita, blaindi (madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya kila mgao) senti 5 kwa senti 10 za dola. Kwa miezi minane nimecheza migao 31,000 na kupata faida ya dola 186. Akaunti sasa ina dola 430. Kila Ijumaa usiku tunacheza pia nyumbani kwa rafiki, Raskazone, watu sita, kwa saa kama tano, blaindi Sh 500 kwa Sh 1,000. Huko nilianza na Sh 1,000,000 na leo ninazo Sh 1,800,000. Mwenye nyumba hukata Sh 2,000 katika kila fungu (fedha ya madau iliyo katikati ya meza) linalofika karata tatu za kwanza zinazofunguliwa mezani. Sasa nimealikwa meza ya Jumamosi katika nyumba hiyohiyo, ambako baadhi ya wachezaji ni wakandarasi wa mradi wa bomba la mafuta wa Chongoleani: blaindi Sh 2,000 kwa Sh 5,000, na wengi huketi na Sh 500,000. Makato ni yaleyale. Mwezi ujao zamu yangu ya upatu inafika na nitapokea Sh 2,000,000. Je, nipande? Na mtandaoni niende senti 10 kwa senti 25? Nikishindwa, nikae chini muda gani kabla ya kujaribu tena?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na ahsante kwa kuleta takwimu, wengi huniandikia tu kwamba siku hizi wanashinda sana, wakaniachia kazi ya kukisia. Nianze na jibu fupi. Mtandaoni unakaribia kupanda lakini hujafika. Meza ya Jumamosi usiiketie kwa namna wanavyoiketia wenyeji wake, ingawa ipo namna nyingine nitakayoieleza. Fedha ya upatu haihusiki na jambo hili hata kidogo. Katika maelezo nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo umeligusa mwishoni tu, nalo ni mahali pa kushukia, kwa kuwa kwa maoni yangu mchezaji ambaye hajaamua atashuka lini bado hajawa tayari kuuliza apande lini.

Tuanze na ushahidi kwamba unashinda kweli. Dola 186 kwa blaindi kubwa ya senti 10 ni blaindi kubwa 1,860, na ukizigawa kwa makundi 310 ya migao mia mia unapata wastani wa blaindi kubwa 6 kwa kila migao 100. Hicho ni kiwango kizuri, na mchezaji yeyote wa meza hizo angekifurahia. Shida ni kwamba poka isiyo na kikomo cha dau huyumba mno. Katika meza za watu sita kipimo cha kuyumba huko, ambacho wanatakwimu hukiita mchepuko sanifu, kwa kawaida huwa kati ya blaindi kubwa 80 na 100 kwa kila migao 100. Tuchukue 90. Ili kujua wastani wako unaweza kuwa umepotoka kwa kiasi gani, gawa 90 kwa kipeuo cha pili cha 310, ambacho ni 17.6, nawe utapata takriban 5.1, na mazoea ni kuruhusu mara mbili ya kiasi hicho kila upande. Maana yake ni kwamba uwezo wako wa kweli unaweza kuwa popote kuanzia kupoteza blaindi 4 hadi kushinda blaindi 16 kwa kila migao 100. Mchezaji asiye na faida wala hasara, akicheza migao mingi kama yako, angepata matokeo kama haya au mazuri zaidi karibu mara 12 katika kila 100.

Sisemi kwamba hushindi. Nadhani unashinda, kwa sababu mtu anayehesabu migao yake kwa kawaida huhesabu na mambo mengine. Ninachosema ni kwamba migao 31,000, ambayo machoni pako ni miezi minane ya usiku wa manane, ni sawa na kuhukumu gunia la machungwa ya Muheza kwa kumenya matatu ya juu. Ukifika migao 100,000 upotofu hupungua hadi kama 2.8, na hapo wastani wa 6 utakuwa na jambo la kusema, kwani hata upande wake wa chini utakuwa umevuka sifuri kwa kiasi kidogo.

Ijumaa ni vigumu zaidi. Mezani, karata zikigawiwa kwa mkono, migao 25 kwa saa ni kasi ya kawaida. Kwa saa tano kwa juma, katika miezi minane umecheza migao isiyozidi sana 4,300. Faida yako ya Sh 800,000 ni blaindi kubwa 800, yaani kama 19 kwa kila migao 100, kiwango ambacho mtandaoni kisingeaminika lakini kwenye meza ya marafiki kinawezekana. Tukitumia 90 ileile ya kuyumba, upotofu unaoruhusiwa kila upande ni blaindi 27. Hapo hesabu haitusaidii tena. Anayecheza mara moja kwa juma angehitaji miaka mingi kabla fedha yake yenyewe haijamthibitishia kwamba anajua, na wachezaji wa mezani hawatabaki walewale kwa miaka hiyo yote. Kwa hiyo inabidi utafute ushahidi wa aina nyingine.

Ushahidi ninaoupenda ni daftari la pili. Chukua mfano wa Ijumaa moja: umeshika ree mbili, mwenzako ameshika basha mbili, na nyote mmeweka kila kilicho mbele yenu kabla ya karata yoyote ya mezani kufunguliwa, hata fungu likafika Sh 200,000. Ree mbili huzishinda basha mbili kama mara 82 katika 100. Basha wa tatu akitokea kwenye karata ya mwisho, daftari la fedha litaandika hasara ya Sh 100,000. Daftari la pili litaandika kwamba sehemu yako katika fungu hilo, wakati mnaweka fedha, ilikuwa Sh 164,000, yaani faida ya Sh 64,000. Na uwe mwaminifu upande wa pili pia. Ukiwa na kopa nne, karata mbili zikiwa bado hazijafunguliwa, nafasi ya kupata kopa ya tano, inayokupa karata zinazoishinda jozi, ni kama asilimia 35. Ukiweka Sh 100,000 dhidi ya Sh 100,000 za mwenzako mwenye jozi kubwa, kisha kopa ikaja, fedha itasema umepata Sh 100,000 lakini daftari la pili litaandika hasara ya Sh 30,000. Mtandaoni zipo programu za kumbukumbu zinazofanya hesabu hii zenyewe. Mezani utaiandika kwa kalamu, kesho yake asubuhi, kwa yale mafungu makubwa tu. Baada ya miezi kadhaa linganisha madaftari mawili. Ikiwa la fedha linaonyesha faida kubwa na la pili linaonyesha kidogo au hakuna, basi wewe hukuwa unapanda ngazi, ulikuwa unabebwa.

Daftari hilo halionyeshi kila kitu, kwa sababu ustadi mwingi wa poka uko katika migao ambayo karata hazikuonyeshwa kabisa. Hata hivyo linaondoa sehemu kubwa ya bahati inayoonekana kwa macho, na lina faida nyingine: linakulazimisha urudie kila uamuzi mkubwa ukiwa umelala na kuamka.

Sasa tuje kwenye mtaji. Kanuni inayosikika sana ni kuwa na viingilio 20 au 30 vya meza unayoiendea, kiingilio kimoja kikiwa blaindi kubwa 100. Mmarekani Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa poka wa mwaka 2000, aliwahi kujipa jaribio la kuanza na sifuri mtandaoni hadi kufikisha dola 10,000, akafaulu, na masharti yake yalikuwa ya namna hiyo: asiketi mezani na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake, kwenye mashindano makubwa asizidishe asilimia 2, na fedha iliyo mbele yake ikizidi asilimia 10 ya mtaji, ainuke na kuondoka. Kwa kipimo hicho wewe mwenye dola 430 unaruhusiwa kuketi na dola 21.50. Kiingilio cha meza ya senti 10 kwa 25 ni dola 25, kwa hiyo mlango wako unafunguka kwenye dola 500. Ndiyo maana nimesema unakaribia.

Lakini kanuni ya viingilio 20, kama ilivyo, inaficha jambo. Hatari ya kuishiwa haitegemei ukubwa wa mtaji peke yake. Inategemea pia wastani wa ushindi, na wastani huo ndio usioujua. Ukiwa mezani juu na wastani wa blaindi 5 kwa migao 100, viingilio 20 vinakuacha na hatari ya kuishiwa ya kama asilimia 8, kwa sharti kwamba hutatoa fedha wala kushuka. Wastani ukiwa 3, hatari kwa viingilio hivyo hivyo ni kama asilimia 23, na ili kuirudisha hadi asilimia 5 unahitaji viingilio 40. Na wastani lazima upungue unapopanda, kwa sababu wachezaji wa juu ni wale waliowashinda wa chini. John Kelly, mtafiti wa Bell Labs nchini Marekani, alionyesha mwaka 1956 jinsi ya kupima dau kwa kulinganisha faida inayotarajiwa na kuyumba kwake. Ukiihamishia hesabu yake kwenye poka, mtaji unaokuza fedha kwa kasi kubwa kuliko mwingine wowote ni mraba wa kuyumba ukigawiwa kwa wastani. Kwa 90 na wastani wa 6 unapata viingilio 13 na nusu. Kwa wastani wa 3 unapata 27. Wenye busara huchukua mara mbili ya kiasi hicho, kwa kuwa hesabu hiyo inadhani unaujua wastani wako, nawe huujui.

Tazama sasa kinachotokea ukiongeza sharti moja la kushuka. Leo ukipanda na dola 430, ukawa na wastani wa 3 juu, na ukakataa kushuka hata iweje, hatari yako ya kuishiwa ni kama asilimia 28. Ukiamua kabla kwamba utajaribu kwa viingilio vitatu tu, yaani dola 75, na kwamba akaunti ikigusa dola 355 unarudi senti 5 kwa 10 usiku uleule, basi hata jaribio likishindwa unarudi chini ukiwa na viingilio 35 na nusu, ambako hata kwa wastani wa 3 tu hatari ni kama asilimia 7. Ustadi wako haujaongezeka hata chembe, na mtaji ni uleule. Kilichobadilika ni alama uliyoiweka kabla ya kuketi. Mtu anayeshuka bila kusita anaweza kupanda mapema. Asiyeweza kushuka anahitaji viingilio 40 au 50, na wengi wa aina hiyo hawana hata 15. Kabla hujanijibu kwamba wewe unaweza kushuka, kumbuka Ijumaa ya mwisho uliyopoteza viingilio viwili, ukajiambia utaondoka saa sita, ukaondoka saa nane. Kama haijawahi kutokea, vizuri sana. Kama imewahi, andika alama hiyo kwenye karatasi na umpe mtu mwingine aishike.

Alama ya kushuka iwe ya fedha, isiwe ya hisia. "Nikiona mambo magumu nitarudi" si alama. Na kupanda kusifanyike usiku uleule ulioshinda sana, wala usiku wowote unaofukuzia hasara. Usiku wa kwanza kichwa kimevimba, wa pili kinaunguza, na katika hali zote mbili hesabu za juu huwa zimesahauliwa.

Meza yenyewe ya juu nayo ina habari zake. Watu hudhani kila hatua ya kupanda inaongeza ugumu tu, ilhali kuna kitu kimoja kinachopungua, nacho ni makato. Ijumaa, kama mafungu 15 kati ya 25 kwa saa yanafika karata tatu za mezani, mwenye nyumba anakata Sh 30,000 kwa saa. Kwa watu sita ni Sh 5,000 kila mmoja kwa saa, yaani blaindi kubwa 5 kwa saa, au blaindi 20 kwa kila migao 100. Huo ni mzigo mzito kupita kiasi. Kwa saa tano meza nzima inamwachia mwenyeji Sh 150,000, na anayebaki na faida baada ya hapo ama ni hodari, ama amebahatika, ama wenzake ni wakarimu. Jumamosi Sh 2,000 ileile ni chini ya nusu ya blaindi moja, na mzigo unashuka hadi blaindi 4 kwa kila migao 100. Mtandaoni hali inafanana kwa kiasi: makato huwa asilimia ya fungu yenye kikomo, na katika meza ndogo kikomo hicho hakifikiwi mara nyingi, hivyo mdogo hulipa zaidi kwa kipimo cha blaindi kuliko mkubwa. (Makato ya nyumbani yana upande wake wa kisheria pia. Kuendesha mchezo wa kubahatisha kwa faida ni biashara inayohitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na siku ambayo fedha itabishaniwa kwenye meza isiyo na leseni hutakuwa na pa kupeleka malalamiko. Upande wa dini nawaachia wenye elimu yake. Nadhani katika mji wa Tanga hutakosa wa kumuuliza.)

Kwa sababu ya makato hayo sitaki kukuambia kwamba meza ya Jumamosi ni mbaya kwako. Huenda ni nzuri kuliko ya Ijumaa. Kasoro yake ni ukubwa wa hatua. Mtandaoni ngazi hupanda mara mbili au mara mbili na nusu. Wewe unaruka mara tano kwa mkupuo. Kwa Sh 1,800,000 una viingilio 3.6 tu, na hata nikikupa wastani mkubwa wa blaindi 10 dhidi ya wakandarasi hao, hatari ya kumaliza mtaji wote ni kama asilimia 41. Nikikupa wastani wa 3, hata ukiongeza upatu wote ukawa na Sh 3,800,000, hatari ni kama asilimia 57.

Kuna athari nyingine isiyoonekana kwenye hesabu. Fungu la Sh 400,000 likiwa katikati ya meza na wewe ukaanza kuliona kama kodi ya nyumba, utalaza karata, yaani utajitoa katika mgao, pale ulipopaswa kuzifuata na utaogopa kuongeza pale ambapo kuongeza ndiko kulikokufikisha hapo. Wenzako wataliona hilo kabla yako. Mchezaji anayelaza kila anapobanwa hukandamizwa kwa karata hafifu, na hapo wastani wako, ambao Ijumaa ulikuwa wa mtu mtulivu, unakuwa wa mtu mwingine kabisa.

Namna ninayoikubali ni hii. Kwanza nenda Jumamosi moja ukatazame bila kuketi. Angalia ni watu wangapi huingia katika fungu kabla ya karata tatu za kwanza kufunguliwa. Wakiwa wanne au watano kila mara, hiyo ni meza laini. Angalia dau la kwanza ni blaindi ngapi, na kama mtu akiongeza, yuko mwingine anayeongeza juu yake; Ijumaa hilo labda hutokea mara chache na kwa karata kubwa tu, lakini kwenye meza ngumu hutokea kila dakika chache na kwa karata za kila aina, na asiyelizoea hujikuta akilipa kuingia kisha akikimbia. Angalia pia nani anacheza migao mingi akiwa wa mwisho kusema na michache akiwa wa kwanza. Ukiona wanne kati ya sita wanafanya hivyo, rudi zako Chumbageni ukalale. Hao wanajua kazi yao, na faida yako ya uvumilivu haitatosha.

Ikiwa meza ni laini, ketia blaindi 40 badala ya 100, yaani Sh 200,000, maadamu umesema wengi, si wote, huketi na Sh 500,000. Aliye na Sh 1,000,000 mbele yake hawezi kukutoza zaidi ya ulizonazo, na maamuzi yako yatakuwa machache na rahisi zaidi, kwa kuwa fedha huisha kabla ya raundi za mwisho ambako mabingwa hupata riziki yao. Kisha tafuta rafiki mmoja unayemwamini anunue nusu ya kiti chako: atoe Sh 100,000, achukue nusu ya faida au abebe nusu ya hasara, na muandikiane kwa maandishi kabla ya saa ya kucheza. Hapo kilicho chako mezani ni Sh 100,000, kiasi kilekile unachokiweka kila Ijumaa, na mtaji wako wa Sh 1,800,000 unakibeba mara 18. Alama ya kushuka iwe viti viwili vya namna hiyo. Vikiisha, Sh 200,000 zako zimekwenda, na Ijumaa inayofuata uko mahali pako pa zamani na Sh 1,600,000. Na ukipata zaidi ya Sh 500,000 mbele yako usione haya kuinuka. Watakuita mwoga, wamewaita wengi.

Kuhusu upatu nitasema machache. Mtaji wa poka ni fedha ambayo ikiisha leo, kesho hakuna anayegundua isipokuwa wewe. Fedha ya upatu ina wanachama nyuma yake wanaosubiri uendelee kuchangia, na ina shughuli iliyokufanya uingie katika mchezo huo tangu mwanzo. Ukiipoteza mezani utaendelea kuilipa mwezi baada ya mwezi, na hakuna karata itakayokujia kwa utulivu ukiwa unalipa deni la namna hiyo. Usiihesabu hata kama akiba ya nyuma, kwa maana akiba ya nyuma ndiyo inayomfanya mtu apuuze alama yake.

Mtandaoni kuna tahadhari moja ya ziada unapopanda. Kadiri mtaji unavyokua ndivyo fedha nyingi inavyolala kwa kampuni usiyoiona. Aprili 15, 2011 waendesha mashtaka wa Marekani walipofungua mashtaka dhidi ya waanzilishi wa kampuni kubwa tatu za poka mtandaoni, ilibainika kwamba Full Tilt Poker, ambayo Ferguson mwenyewe alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wake, haikuwa na fedha ya kuwalipa wachezaji wake, na wachezaji wa Marekani walisubiri hadi 2014 kuanza kurudishiwa. Weka kwenye akaunti viingilio unavyohitaji kwa mwezi huu, na vingine vikae benki. Vyote viwili vihesabiwe kama mtaji mmoja. Gharama za kutoa na kuingiza fedha uziondoe kwenye zile dola 186 kabla hujazijumlisha katika wastani wowote.

Swali lako la mwisho lilikuwa muda wa kukaa chini baada ya kushindwa. Muda si kipimo. Mtandaoni, ukishuka ukiwa na dola 425, yaani baada ya kupoteza viingilio vitatu kutoka 500, utarudi juu akaunti ikigusa 500 tena, iwe baada ya siku nne au miezi minne, lakini kwa sharti kwamba umepitia migao yote mikubwa ya jaribio lililopita katika daftari la pili. Daftari likionyesha kwamba sehemu zako zilikuwa nzuri na karata ndizo zilizokataa, panda tena kwa viingilio vitatu vilevile. Likionyesha kwamba ulikuwa unafuata madau ya watu waliokuwa na karata bora kila mara, basi 500 haitoshi; subiri 750, ambayo ni viingilio 30, na katika kipindi hicho jifunze sehemu moja tu iliyokuangusha, kwa mfano kucheza ukiwa wa kwanza kusema au kujibu aliyeongeza juu ya nyongeza yako. Jumamosi sharti ni lilelile: viti viwili vikiisha, urudi Ijumaa hadi mtaji ufike Sh 1,800,000 tena, na rafiki aliyenunua nusu asome daftari hilo kabla hajatoa Sh 100,000 nyingine.